Wasiwasi wa kurutu si woga, hatari ni kufunzwa kuufungia kifuani

KILA mara Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotangaza nafasi za kuwasajili makurutu, maelfu ya vijana hufurika viwanjani kote nchini, vyeti vyao vikiwa ndani ya bahasha. Huko hupimwa kimo na uzani, hukaguliwa meno na nyayo, kisha hukimbizwa ili ijulikane nani ana pumzi. Wanaofaulu hupelekwa Eldoret, kwenye chuo cha kuwafunza makurutu, ilhali wanaoandaliwa kuwa maofisa huelekea Lanet, karibu na mji wa Nakuru.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo utepe wa kupimia kimo hauwezi kulifikia. Kati ya vijana wawili wenye kimo sawa na mbio sawa, mmoja anaweza kukemewa na mkufunzi alfajiri, na ifikapo saa nne akawa amekwisha kusahau. Mwenzake atakemewa kwa maneno yale yale, na usiku wa manane atakuwa bado yu macho kitandani, akiyarudia moyoni neno kwa neno.

Wanasaikolojia huiita hulka hiyo ya kijana wa pili neurotisimu. Kwa lugha nyepesi, ni wepesi wa mtu kuingiwa na wasiwasi, hasira, huzuni au haya, na uzito wa kutulia baada ya kuingiwa na hisia hizo. Si ugonjwa, wala si woga. Ni sehemu ya tabia ya binadamu kama ulivyo uchangamfu au upole, na kila mtu anayo kwa kiasi fulani. Uchunguzi uliofanywa kwa kuwalinganisha pacha umeonyesha kwamba takriban asilimia 40 hadi 50 ya tofauti zilizopo baina ya watu katika hulka hii hutokana na urithi. Zilizosalia hutokana na maisha yenyewe.

Je, kurutu aliyezaliwa na wepesi huo amekwisha kushindwa hata kabla ya kuvaa sare? Jibu linalotokana na utafiti wa zaidi ya karne moja ni kwamba sivyo. Kinachoamua ni mambo mawili: jinsi anavyojitawala wasiwasi unapompanda, na iwapo anaendelea kuwasiliana na wenzake wakati huo. Tena mambo hayo mawili yamefungamana, kwa kuwa kuna namna ya kujitawala inayokifungua kinywa cha mtu, na kuna namna nyingine inayokifumba.

Kipimo kilichozaliwa vitani

Wengi hudhani kwamba elimu ya hulka ilianzia katika vyumba vya madaktari wa matajiri. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa yake ilianzia jeshini.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, madaktari walianza kupokea askari wasio na jeraha lolote la mwili lakini waliokuwa wakitetemeka, wameishiwa na sauti au hawaoni. Mnamo 1915, daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika kuhusu wagonjwa wa aina hiyo, na mwanzoni wengi waliamini kuwa mishindo ya mizinga ndiyo iliyowadhuru. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Woodworth aliombwa kubuni njia ya kuwatambua mapema makurutu ambao wangeweza kupatwa na hali hiyo. Alitunga orodha ndefu ya maswali ya kujibiwa kwa ndiyo au la, yakiwemo ya usingizi, hofu na mapigo ya moyo. Vita vilimalizika kabla ya orodha hiyo kutumiwa ipasavyo, lakini ndiyo iliyokuwa mzazi wa vipimo vingi vya neurotisimu vilivyofuata.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Hans Eysenck, aliyekuwa ameihama Ujerumani akiwa kijana, alifanya kazi katika hospitali ya Mill Hill jijini London, ambako askari waliolemewa na akili walikuwa wakitibiwa. Kutokana na rekodi za askari 700 aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1947, akieleza kwamba neurotisimu si shimo ambalo mtu ama ametumbukia au hajatumbukia. Ni mstari mrefu, na kila binadamu ana mahali pake juu yake. Mwaka 1961, Ernest Tupes na Raymond Christal wa jeshi la wanahewa la Marekani walichanganua tathmini za tabia walizopeana watu waliofahamiana na kukuta nguzo tano za hulka zikijirudia. Utulivu wa moyo, ambao ni kinyume cha neurotisimu, ulikuwa mmojawapo.

Kwa hivyo majeshi yalikuwa na kipimo. Kosa lilitokea pale yalipokifanya chujio. Katika Vita Vikuu vya Pili, Marekani iliwakataa zaidi ya wanaume milioni 1.5 kwa sababu zilizohusishwa na akili na hulka. Ajabu ni kwamba askari waliolemewa na akili vitani bado walikuwa wengi, kinyume na matarajio ya waliopanga uchujaji huo. Aidha, baadhi ya wale waliokuwa wamekataliwa walikuja kuandikishwa baadaye, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1951 ulionyesha kwamba wengi wao walihudumu vyema. Hulka pekee haikuwa imetabiri nani angevunjika.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni ukali wa kambi, yaani kurutu akisulubiwa vya kutosha, wasiwasi utamtoka kama jasho. Utafiti wa vijana wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2012, ulioongozwa na Joshua Jackson, unatia shaka dhana hiyo. Watafiti waliwalinganisha vijana waliochagua jeshi na wale waliochagua utumishi wa kiraia enzi ambapo sheria iliwalazimu kuchagua kimoja. Waliojiunga na jeshi walikuwa tayari na neurotisimu ya chini kuliko wenzao hata kabla ya kuingia kambini. Alama ambayo mafunzo yenyewe yaliacha ilikuwa kwenye upole: waliopitia jeshini walibaki na upole mdogo kuliko wenzao, hata miaka kadhaa baadaye.

Akili yenye mizigo miwili

Ili kuelewa jinsi wasiwasi unavyoharibu mawasiliano, ni vyema kutazama kinachotendeka akilini.

Binadamu hushikilia mambo ya sasa hivi katika sehemu ndogo ya kumbukumbu, mfano wa meza isiyo na nafasi kubwa. Juu ya meza hiyo ndimo inamowekwa amri iliyotoka kutolewa, mahali adui alipo na jina la mwenzake aliye upande wa kushoto. Mtu anapoingiwa na wasiwasi, mawazo ya wasiwasi nayo hudai nafasi juu ya meza hiyo hiyo. Mnamo 2007, Michael Eysenck, mwanawe Hans, pamoja na wenzake walifafanua kwamba wasiwasi kwanza hauharibu matokeo ya kazi, bali huongeza gharama yake. Mwenye wasiwasi anaweza kuifanya kazi sawasawa na mwenzake, lakini akili yake itakuwa imetoka jasho maradufu.

Ndiyo maana kurutu kama huyo anaweza kung'ara kwenye gwaride, ambapo amri huja moja moja na zote anazijua. Mpeleke usiku msituni, mvua inanyesha, redio inakoroma na amri tatu zimefuatana kwa nusu dakika, ndipo meza inapofurika. Atalisikia neno la kwanza na la mwisho, yale ya katikati yampite. Si kwamba hana bidii. Nafasi ndiyo iliyokwisha.

Madhara mengine yako kwenye tafsiri. Mtu aliye mwepesi wa wasiwasi huelekea kuyapa maneno yasiyo na ubaya maana iliyo mbaya. Koplo akimwambia, "Rudia hapo," mmoja husikia maelekezo, mwingine husikia kwamba ameonekana hafai. Akishafikiri hivyo, hatasema tena kwa uhuru. Atajibu kwa mkato, au atakuwa mkali kwa wenzake chumbani, nao watamwepuka. Hivyo hulka iliyokuwa yake peke yake huwa tatizo la kikosi kizima.

Kujitawala kwa namna mbili

Mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford ameandika mengi kuanzia miaka ya 1990 kuhusu namna watu wanavyozitawala hisia zao. Miongoni mwa njia anazozieleza, mbili zinahusu sana kambi ya jeshi.

Ya kwanza ni kulitazama jambo upya kabla halijamteka mtu. Kurutu anayekemewa hujiambia kwamba mkufunzi anamkemea kila mtu, kwamba kusudi ni kumzoesha kelele za vita, na kwamba jambo lenyewe litapita. Hisia hupungua kutoka shinani.

Ya pili ni kuizuia hisia isionekane ilhali ndani ingali inachemka. Uso unakuwa mkavu kama jiwe, macho yanatazama mbele, jibu ni "Ndio, afande!" na hakuna zaidi. Anayetazama kwa nje huona nidhamu. Lakini uchunguzi wa Gross na wenzake unaonyesha kwamba njia hii haipunguzi machungu yaliyo ndani, na aghalabu huongeza mkazo wa mwili. Vilevile hula nafasi ya kumbukumbu: anayeshughulika kuuficha uso wake hukumbuka machache ya yale aliyoambiwa wakati huo.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 na Emily Butler pamoja na Gross na wenzao lilienda mbali zaidi. Wanawake wasiofahamiana walitazama filamu ya kuhuzunisha, kisha wakazungumza wawili wawili. Katika baadhi ya jozi, mmoja alikuwa ameagizwa kwa siri azifiche hisia zake. Mazungumzo yao yalivurugika, na shinikizo la damu likapanda hata kwa yule ambaye hakuwa ameagizwa lolote. Kwa maneno mengine, anayejifungia hisia humtwisha mwenzake sehemu ya mzigo bila kujua.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Watu wenye neurotisimu ya juu huwa na ugumu zaidi wa kutumia njia ya kwanza, ilhali maisha ya kambini, yasipoangaliwa, huwazawadia wanaotumia ya pili. Kurutu anayehitaji zaidi kufunzwa kutulia ndiye huishia kufunzwa kunyamaza. Anahitimu akiwa na uso wa askari, lakini ndani yake hajapata silaha yoyote mpya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Dakika saba za Hormuz

Mshindo huo unaweza kuwa mkubwa kiasi gani? Mkasa wa Julai 3, 1988 katika Ghuba ya Uajemi unatoa jibu, japo wahusika wake hawakuwa makurutu na hakuna anayeweza kudai kujua hulka ya kila mmoja wao. Unafaa kwa sababu unaonyesha mkazo unavyoyapinda maneno hata miongoni mwa mabaharia waliofunzwa.

Manowari ya Marekani, Vincennes, ilikuwa ikipigana na boti za Iran karibu na mlango-bahari wa Hormuz. Mwaka mmoja awali, mabaharia 37 walikuwa wameuawa kwenye meli nyingine ya Marekani, Stark, iliposhambuliwa na ndege ya Iraq katika ghuba hiyo hiyo. Hofu ya shambulio kutoka angani ilikuwa hai. Ghafla rada ikaonyesha ndege ikipaa kutoka Bandar Abbas. Ilikuwa ndege ya abiria ya shirika la Iran Air ikielekea Dubai.

Ndani ya chumba cha kuongozea vita, ndege hiyo ilitajwa kuwa ya kivita. Aliyedokeza kwamba huenda ni ya abiria alikuwepo, lakini dokezo lake halikubadilisha mkondo wa mambo. Baadaye zilisikika sauti zikisema kwamba ndege inashuka kuelekea manowari, ilhali kumbukumbu za mitambo zilionyesha kwamba ilikuwa ikipanda. Takriban dakika saba baada ya ndege kuruka, makombora mawili yalifyatuliwa. Watu wote 290 waliokuwemo walifariki, 66 kati yao wakiwa watoto.

Uchunguzi rasmi wa Marekani, ulioongozwa na Admirali William Fogarty, ulibaini kwamba mitambo ilitoa habari sahihi, na kwamba mkazo pamoja na kuzipotosha habari bila kukusudia huenda vilichangia pakubwa. Iran haikuridhika na maelezo hayo na ilipeleka malalamishi yake katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1989. Mnamo 1996, Marekani ilikubali kuzilipa familia za waliofariki dola milioni 61.8.

Mkasa huo ndio uliolisukuma jeshi la wanamaji la Marekani kuanzisha, mwaka 1990, mpango mkubwa wa kuchunguza jinsi vikosi vinavyofanya maamuzi chini ya mkazo. Miongoni mwa watafiti walioshughulikia suala hilo ni James Driskell, Eduardo Salas na Joan Johnston, ambao mwaka 1999 walionyesha kwamba mkazo humfanya mtu apoteze mtazamo wa kikosi. Fikira zake husinyaa kutoka "sisi" hadi "mimi", na utendaji wa kikosi hushuka. Kwa upande mwingine, vikosi bora vilitambulika kwa jambo dogo: watu wake walimpa mwenzao habari kabla hajaiuliza.

Mafunzo yanayofungua kinywa

Iwapo hulka haing'oki kwa viboko wala kelele, ni nini kinachosaidia? Wataalamu wanataja hatua kadhaa ambazo zimejaribiwa kambini, na ambazo hazihitaji mitambo ya bei ghali.

Kwanza ni kumweleza kurutu mapema kitakachompata. Katika mtindo wa mafunzo uliotokana na mpango wa wanamaji wa Marekani, askari huelezwa mkazo ni nini na mwili hufanya nini, yaani mapigo ya moyo, kiganja kulowa jasho na kinywa kukauka. Kisha hufunzwa stadi za kutulia, na hatimaye huzifanyia mazoezi huku mkazo ukiongezwa kidogo kidogo. Anayejua kwamba moyo kwenda mbio ni kawaida haongezi hofu juu ya hofu.

Pili ni kufundisha kulitazama jambo upya. Katika kituo cha makurutu cha Kapooka nchini Australia, vipindi vifupi vya aina hiyo viliongezwa kwenye ratiba ya kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliovipata walikuwa na hali nzuri zaidi ya kiakili na mbinu bora za kukabiliana na matatizo kuliko wenzao. Nchini Marekani, Amishi Jha na wenzake walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa wanajeshi wa majini waliokuwa wakijiandaa kwenda vitani. Waliofanya kwa bidii mazoezi ya kutuliza akili waliilinda ile meza yao ya kumbukumbu, wakati ya wenzao ilikuwa ikipungua.

Tatu ni kuyapa mawasiliano kanuni zisizotegemea ujasiri wa mtu. Anayepokea amri huirudia kwa sauti, na aliyeitoa huthibitisha. Kwa kurutu mwenye wasiwasi, kanuni hii ni neema, kwani akipotewa na neno la katikati, kosa linagunduliwa hapo hapo bila yeye kuungama kwamba hakusikia. Si yeye tu anayerudia, kila mmoja hurudia.

Nne ni kikao cha tathmini baada ya zoezi, ambacho jeshi la nchi kavu la Marekani lilikieneza kuanzia miaka ya 1970. Wote waliohusika huketi pamoja na kuuliza ni nini kilichotarajiwa, ni nini kilichotokea na kwa nini. Mdogo kwa cheo huruhusiwa kusema alichokiona. Kamanda anapotangulia kulitaja kosa lake mwenyewe, wadogo hujifunza kwamba kusema si kujitia kitanzini.

Ikumbukwe pia kwamba wasiwasi una faida zake. Anayehofia kusahau hukagua bunduki yake mara mbili, na mara nyingi ndiye wa kwanza kusikia kijiti kikivunjika gizani. Kikosi kisicho na mtu wa aina hiyo kinaweza kuingia mtegoni kikicheka. Waswahili walikwisha kulinena hilo zamani waliposema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Lakini masikio yake makali hayatawafaa wenzake iwapo atakisikia kijiti hicho na kunyamaza, akichelea kuitwa mwoga.

Pamoja na hayo, kuna mpaka usiofaa kupuuzwa. Neurotisimu si maradhi, lakini humweka mtu karibu zaidi na msongo wa mawazo na majeraha ya akili baada ya vita. Kurutu ambaye usingizi umemtoroka kwa majuma kadhaa, asiyekula, au anayesema kwamba maisha hayana maana, hahitaji kukemewa zaidi wala kutulizwa kwa methali. Anahitaji daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wazazi nao wana nafasi yao. Mara nyingi kijana anapopiga simu kutoka kambini na kusema kwamba mambo ni magumu, jibu analopewa ni "jikaze, wewe ni mwanamume," au, kwa binti, "ulijitakia mwenyewe." Maneno hayo hutolewa kwa nia njema, lakini humfundisha kile kile ambacho uso mkavu wa gwaride unamfundisha: kwamba lililo moyoni halina pa kusemewa. Kumuuliza ni jambo gani hasa lililo gumu, na kumsikiliza hadi amalize, hakumpunguzii ukakamavu hata chembe.

Mkufunzi ana nafasi kubwa zaidi. Ukali wake ni sehemu ya kazi, na hakuna jeshi lililojengwa kwa kubembelezana. Swali analopaswa kujiuliza ni jepesi: kurutu wake aliye mwepesi wa wasiwasi kuliko wote akiona hatari usiku wa leo, je, atamwambia?